Maiki Iliyomsikia Mama

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu. Ni siku niliyompokea mama yangu stendi ya Dodoma, akishuka kwenye basi la kutoka kwetu Chemba, shingo ameizungushia kitenge ingawa jua lilikuwa kali. Vumbi la njiani lilikuwa limempaka nyusi. Nilimwamkia, nikamtua mkoba, naye kabla hata ya kuuliza habari za nyumbani akaniwekea kiganja tumboni. Nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. "Huyu nataka nimwone," alisema. Sauti ilikuwa ile ile yake, ila ilichoka kabla ya sentensi kwisha, na neno la mwisho nililisoma midomoni.

Nakusimulia haya kwa sababu uliniuliza juzi, baada ya ibada, ununue maiki gani ya kurekodia sauti yako nyumbani. Ulinionyesha picha kwenye simu: moja imepakwa rangi ya dhahabu, nyingine inawaka taa kama duka la msimu wa sikukuu. Nikakuomba unipe muda. Wapo ambao wangekujibu kwa jina la kampuni na mambo yakaishia hapo. Mimi nitakujibu kwa habari ya mama yangu na mdogo wangu Danieli. Unistahimilie; mzee akitumwa dukani hupitia kwanza kwa jirani, lakini chumvi huileta.

Basi, tulimpeleka mama hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye mikono ya taratibu. Alimmulika koo, akaugusa uvimbe, akasoma picha, kisha akatuambia bila kuzunguka. Uvimbe ulikuwa lazima utoke, na ulikuwa umekaa pabaya, umeshikana na mahali sauti inapotokea.

"Uhai wa mama tutaupigania," alisema. "Sauti siwezi kuwaahidi."

Akampangia siku ya kulazwa wiki iliyofuata, akamsihi asizungumze sana mpaka siku hiyo ifike.

Mama yangu hakuwa mwimbaji wa jukwaani. Alikuwa mtu wa kuitwa. Harusi ikipoa, huitwa. Msiba ukikosa wa kuanzisha wimbo, huitwa, naye hufunga kanga kiunoni na kwenda hata kama ametoka shambani wakati huo huo. Lakini ulikuwepo wimbo mmoja usiotoka nje ya nyumba yetu, alioachiwa na mama yake, wa kumpokea mtoto mchanga. Aliniimbia mimi nilipozaliwa, akamwimbia Danieli. Ni wa Kisandawe, lugha yetu, na umejaa vidoko, ile milio ya ulimi ambayo wageni wakiisikia hudhani tunacheza. Si mchezo. Kidoko ni herufi kama herufi nyingine. Kiondoe, na neno ama limekufa ama limegeuka kuwa neno jingine.

Tulipotoka hospitali alikaa kwenye ukingo wa barabara, chini ya kivuli cha ukuta, akanivuta nikae karibu ili asilazimike kupaza sauti.

"Wimbo wa mtoto," alisema. "Nisipoweza kumwimbia, atausikia wapi?"

"Mama, mimi naujua. Nitamwimbia."

Akatikisa kichwa. "Wewe utamwimbia wa mama. Wa bibi ni wa bibi."

Nikambebea mkoba, tukaondoka.

Siku zile nilikuwa nikikaa kwa Danieli, kule Zuzu, nje kidogo ya mji, kwa kuwa mume wangu alikuwa akishinda na kulala Kibaigwa sokoni, kwenye biashara ya mahindi. Danieli ndiye kitinda mimba wetu. Alipelekwa mjini kwa mjomba angali mdogo sana, akasomea huko, akakulia huko, na Kiswahili kikawa ndiyo nyumba yake. Kisandawe alikisikia kama mtu anavyosikia maongezi ya chumba cha pili: unajua ni sauti za nani, unajua wamefurahi au wamekasirika, maneno yenyewe yanabaki ukutani. Tusimlaumu. Hakujipeleka mjini mwenyewe. Wahenga wanasema mwacha asili ni mtumwa, lakini kuna watoto ambao asili iliwaacha wao, wakiwa bado wanashikwa mkono kuvuka barabara.

Riziki yake ilikuwa kurekodi. Alikuwa na chumba kimoja cha nyumba yake alichokifanya studio, na kompyuta nzito ya zamani, na humo aliwarekodi wanakwaya na vijana wa muziki wa kisasa. Nilipomweleza maneno ya daktari alitoka nje, akasimama akiitazama reli iliyopita karibu na nyumba. Kesho yake alirudi kutoka mjini akiwa amekumbatia sanduku kama mtu aliyebeba mayai.

Ndani mlikuwa na maiki kubwa ya rangi ya dhahabu, inayoning'inizwa kwenye fremu yenye nyuzi za mpira ili isiguswe na mtikisiko wowote. Rafiki yake mwenye studio kubwa alikuwa amemwazima.

"Dada, kwa mama siwezi kuweka kitu cha kawaida," aliniambia.

Ulikuwa upendo, mwanangu. Tafadhali lishike hilo, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kukufanya umwone mjinga, naye hakuwa mjinga.

Alimsimamisha mama mbele ya maiki ile adhuhuri. Chumba kilikuwa kuta tupu, sakafu ya saruji, bati juu bila dari. Mama akafumba macho, akaimba wimbo wote, kisha akakaa akishika koo. Danieli akamwekea maji ya uvuguvugu, akarudi kwenye kompyuta kusikiliza alichopata.

Maiki ile ilikuwa na sikio kubwa. Silisemi vibaya, mpaka leo nasema ni kifaa kizuri, kikipata chumba kilichotengenezwa kwa ajili yake. Lakini sikio kubwa halichagui. Lilimsikia mama, likasikia na upepo wa kiangazi, ule wetu unaotoka uwandani bila kizuizi. Lilisikia kuku wa jirani. Lilisikia kuta zikirudisha sauti. Na zaidi ya yote lilisikia bati. Unajua bati la kwetu jua likilipata linavyojinyoosha: ta, kisha kimya, kisha ta-ta. Sisi tumelizoea hata hatulisikii. Maiki haikuwa na mazoea hayo.

"Usijali," Danieli alisema. "Nitasafisha."

Akakaa kwenye kompyuta mpaka chakula chake kikapoa. Alikuwa na programu ya kutafuta milio midogo midogo mikali na kuifuta, na akaielekeza kwenye bati. Akaielekeza tena. Asubuhi iliyofuata alimwita mama kwa furaha, akamvalisha hedifoni kwa mikono yake miwili, akabonyeza.

Mimi nilimtazama mama usoni. Mwanzo alitabasamu, maana alijisikia karibu sana, sauti nyororo kama mafuta. Kisha tabasamu likasimama. Akasikiliza mpaka mwisho bila kutikisika. Akavua hedifoni, akaziweka mapajani.

"Danieli," alisema, "huyu mama hana ulimi."

Danieli hakuelewa. Nikazivaa mimi. Bati lilikuwa limeondoka, ni kweli, hakuna hata ta moja. Na vidoko vya mama vilikuwa vimeondoka nalo. Kompyuta haikujua tofauti ya bati na bibi. Kila mahali ulimi wake ulipogonga, palikuwa na kitobo kidogo cha kimya. Wimbo alioimbiwa yeye, nikaimbiwa mimi, ulikuwa umebaki fizi tupu.

"Vidoko viko wapi?" nilimuuliza.

"Vidoko gani?" akajibu, na mara uso wake ukabadilika. Alikuwa ameusikiliza wimbo ule tangu adhuhuri ya siku iliyotangulia. Aliusafisha mstari kwa mstari, na hakuwa ametambua kwamba maneno yanaondoka, kwa sababu hakuwa akiyajua. Nilimwona akilielewa hilo mbele ya mama yake. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa mdogo namna ile.

Nilidhani mama atamkemea. Alivuta kigoda karibu na kiti cha kompyuta, akakaa, akamshika goti.

"Mwanangu, umefua nguo mpaka rangi ikatoka," alisema kwa upole. "Umenitafutia sikio la gharama kubwa. Asante. Lakini la kwako bado halijanisikia. Utachaguaje cha kunisikilizia, wewe hujui ninasema nini?"

Kisha akafanya jambo ambalo daktari alikuwa amemkataza. Akaanza kumfundisha wimbo. Mstari mmoja, anasimama, anameza mate, anamwelekeza ulimi uguse wapi: hapa nyuma ya meno, hapa pembeni kama unamwita mbuzi, hapa juu ya kaakaa kisha uuvute. Danieli anajaribu, anakosea, anajaribu. Nilitaka kumzuia mama. Nilisimama mlangoni nikihesabu maneno anayotumia kama mtu anayetazama maji yakivuja kwenye mtungi, nikijua yakimwagika hayazoleki.

"Mama, pumzika," nilisema.

"Nitapumzika sana, Esta," akanijibu bila kugeuka. "Niache niitumie sauti nikiwa nayo."

Walikaa hivyo hadi jua likageuka upande wa pili wa nyumba. Danieli alipoimba mstari wa mwisho na kidoko kikatoka sawasawa, mama alicheka bila sauti, akampiga kofi dogo la bega. Ndipo akauliza, "Una masikio mengine?"

Danieli akasita. Alikuwa nayo maiki ya kwaya ya kanisani, ya kushikwa mkononi, kichwa chake cha wavu kimebonyea kwa kuangushwa mara nyingi.

"Hii ni ya kuhubiria, mama. Haisikii mbali."

"Na mimi siko mbali," mama akasema.

Wakazijaribu zote mbili, mstari ule ule mmoja, chumba kile kile. Mama akasikiliza akiwa amefumba macho, asijue ipi ni ipi. Ile ya dhahabu ilimpa uzuri, na nyuma ya uzuri huo dunia nzima. Ile iliyobonyea ilikuwa nzito kidogo, haina mng'aro, lakini ilimshika mama peke yake, na vidoko vilisimama kila kimoja mahali pake kama nguzo za zizi. Alinyoosha kidole aliposikia hiyo. "Huyu ni mimi," alisema. "Yule mwingine ni mgeni aliyejipamba." Nyumba njema si mlango, mwanangu, na maiki njema si rangi.

Danieli akatundika mablanketi ukutani. Akasimamisha godoro nyuma ya mgongo wa mama, kwa kuwa maiki humtazama mwimbaji na kusikia kilicho nyuma yake. Akamweka umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, na maiki akaigeuza ubavu kidogo ili pumzi ipite pembeni isiipige. Wakakubaliana wafanye kesho yake asubuhi na mapema, jua halijalipata bati na upepo haujaamka.

Asubuhi hiyo mama aliimba mara moja tu. Danieli alikuwa amepiga magoti kando ya kompyuta, midomo yake inakwenda pamoja na ya mama bila kutoa sauti. Kwenye ubeti wa mwisho sauti ilikatika kidogo, ikarudi, ikamaliza. Nilijua Danieli anatamani kumwomba arudie pale ilipokatika, na mama naye alijua.

"Imetosha," alisema. "Mtoto ajue bibi yake alikuwa anaumwa."

Siku tatu baadaye alifanyiwa upasuaji. Daktari alitimiza neno lake. Uhai aliupigania, akaupata. Sauti haikurudi. Mama aliamka na mnong'ono uliosikika tu ukisogeza sikio, na baada ya wiki nyingi za mazoezi ulibaki mnong'ono. Alilia siku aliyokubali kwamba sauti haitarudi. Alilia bila sauti, na kilio cha namna hiyo, mwanangu, ni kigumu kukitazama kuliko cha kelele.

Mtoto wangu alizaliwa mvua zilipoanza. Tulipotoka hospitali tukaenda Zuzu, na ndugu wachache wakaja. Mama alioga, akavaa gauni lake la Jumapili, akakaa kitandani, akanyoosha mikono apewe mjukuu. Danieli alikuwa ameleta redio yake ya kuchezea diski. Akatazama uso wa mama, akaona ruhusa, akabonyeza.

Chumba kikajaa mama. Sauti yake ya zamani ilitoka ikiwa nzima, hata kule kukatika kwake. Shangazi yetu mmoja akajifunika uso kwa kanga. Mama alimwangalia mtoto, na ubeti wa pili ulipoanza nikasikia kitu ambacho hakikutoka redioni. Vidoko. Kidoko hakihitaji koo. Ni kazi ya ulimi na kaakaa, na vile daktari hakuvigusa. Mama alikuwa akivipiga pamoja na wimbo, kila kimoja kwa wakati wake, karibu na shavu la mtoto, na mtoto akafungua macho akamkodolea.

Wimbo haukufika mwisho. Mama aliinua mkono, akamwashiria Danieli azime redio. Danieli akazima, akidhani amekosea. Mama akamwelekezea kidole yeye mwenyewe, kifuani.

Basi Danieli akaimba, mdogo wangu wa mjini. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, na lafudhi ilikuwa ya mtu aliyejifunza ukubwani, lakini hakuruka neno. Mama akamsindikiza kwa vidoko. Wote wawili wakaumaliza wimbo, ulimi wa mama na koo la mwanawe.

Mama ameshatutangulia sasa. Ile rekodi ipo, na kila mtoto aliyezaliwa ukoo wetu tangu hapo ameisikia, kisha ameimbiwa na mtu aliye hai. Mimi mwenyewe niliporudi kuishi Chemba nilijifunza kazi ile kwa Danieli, na akina mama wengi wameimba mbele ya maiki yangu chumbani kwangu. Ndiyo maana watu kama wewe hunijia na maswali.

Sasa jibu lako hili hapa. Usianze na maiki. Anza na sauti yako na chumba chako. Keti humo kimya saa unayokusudia kuimba, usikilize kila kinachosikika, kwa sababu maiki itakisikia vizuri kuliko wewe. Kama una chumba kitulivu, chenye dari, mapazia mazito, vitu laini vya kumeza mwangwi, basi ile yenye sikio kubwa itakutendea wema. Itachukua hata pumzi yako ndogo. Lakini kama unaishi kama wengi wetu, chini ya bati, kando ya barabara, na majirani wenye redio, chukua ile inayosikia karibu, ya kushikwa mkononi, hata kama haipendezi kwenye picha. Isogelee, uiweke ubavu kidogo, utundike blanketi zako, uchague saa ya utulivu. Na usijidanganye kwamba utasafisha baadaye. Kinga ni bora kuliko tiba. Kelele uliyoizuia mlangoni haitaondoka na meno yako.

Usinunue kwa macho. Omba kuijaribu, imba mstari ule ule kwenye hii na ile, kisha mpe hedifoni mtu anayekujua, si anayekusifu. Muulize, "Huyu ni mimi?" Akisita, irudishe.

Na kabla ya kubonyeza kitufe, ujue unachokirekodi. Ukienda kwa bibi yako na maiki, kaa kwanza miguuni pake ujifunze wimbo, ukosee, ucheke naye. Usingoje daktari akuambie hawezi kuahidi. Ukiujua wimbo, utakijua kisichopaswa kufutwa, na siku umeme ukikatika utaweza kuuimba.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akupe sikio kabla hajakuongezea sauti. Wanaokupenda wakutambue kwa neno lako la kwanza. Wazee wako wakae nawe hadi umewasikia vya kutosha, na watoto wako wakukute unaimba. Amina.